Upendeleo wa Nahodha: Funzo la Maisha ya Frank Worrell

Kila mwalimu aliyewahi kukabidhiwa timu ya shule anaijua adha ya siku ile ya kubandika orodha ya wachezaji ubaoni. Wanafunzi husongamana, kila mmoja akilitafuta jina lake, na kabla wino haujakauka minong'ono huwa imekwisha kuanza. Huyu kachaguliwa kwa kuwa ni wa bweni la nahodha. Yule kachaguliwa kwa kuwa wanatoka lokesheni moja. Na yule mwingine kaachwa kwa sababu alithubutu kumpinga nahodha mazoezini. Mwalimu hujitetea kwamba orodha ni yake, lakini moyoni anajua kwamba nusu ya majina yale yalitoka kinywani mwa nahodha.

Katika mchezo wa kriketi jambo hili lina uzito kuliko katika mingineyo. Kwenye kandanda nahodha huvaa kitambaa mkononi, na kocha ndiye hufikiri kwa niaba ya wote. Kwenye kriketi nahodha ndiye huamua uwanjani nani arushe mpira na kwa muda gani, nani asimame wapi, nani atangulie kupiga na nani asubiri. Mchezaji asiyependwa na nahodha aweza kuwemo katika orodha na bado akashinda kutwa nzima mpakani mwa uwanja bila kupewa mpira. Kwa hivyo wateuzi hulazimika kumsikiliza nahodha, kwa maana kumpa mtu asiyemtaka ni sawa na kutwanga maji kinuni.

Swali basi si kama nahodha ana upendeleo. Kila binadamu ana wake. Swali ni upendeleo huo umejengwa juu ya msingi gani. Sijui maisha yanayolijibu swali hili vyema kuliko ya Frank Worrell, nahodha wa West Indies, aliyeaga dunia mwaka 1967.

Frank Mortimer Maglinne Worrell alizaliwa tarehe 1 Agosti 1924 mjini Bridgetown, katika kisiwa cha Barbados, hatua chache kutoka uwanja mashuhuri wa Kensington Oval. Katika mtaa huo huo, kabla ya miezi kumi na minane kupita, walizaliwa pia Everton Weekes na Clyde Walcott. Majina ya ukoo ya watatu hao yalianza kwa herufi moja, nao walikuja kuwa nguzo tatu za kriketi ya visiwa vya Karibi.

Worrell alisoma katika shule ya Combermere. Aliingia timu ya Barbados angali kijana mdogo, tena kama mrushaji wa mpira na wala si mpigaji. Kipaji chake cha kupiga kilijitokeza baadaye, na kilipojitokeza kilishangaza. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 19, alipata mikimbio 308 bila kutolewa katika mechi dhidi ya Trinidad. Yeye na mwenziwe wa upande wa pili waliongeza mikimbio 502 pasipo kutenganishwa. Miaka miwili baadaye alishirikiana na Walcott kuongeza mikimbio 574, nao pia hawakutenganishwa.

Msomaji na asimame kidogo hapo kwenye ile mechi ya 1944. Mwenziwe Worrell siku ile aliitwa John Goddard. Walipiga pamoja, wakakimbia pamoja, wakatoka uwanjani pamoja. Lakini Goddard alikuwa mweupe na Worrell alikuwa mweusi. Mmoja wao alikuwa njiani kuwa nahodha wa West Indies kabla ya miaka mitano kwisha. Mwingine angesubiri miaka 16, na sababu haikuwa uchache wa mikimbio.

Tangu West Indies ilipoanza kucheza mechi za Testi mwaka 1928, unahodha ulikuwa milki ya watu weupe. Hoja zilizotolewa zilipambwa vizuri: kwamba nahodha sharti awe mtu wa elimu, mwenye kipato chake, anayejua kuketi mezani na magavana. Wachezaji weusi walitakiwa washinde mechi, ila wasiziongoze. George Headley, mpigaji hodari kuliko wote wa zama zake visiwani humo, alipewa unahodha kwa mechi moja tu ya Testi, mnamo Januari 1948.

Juu ya ubaguzi wa rangi palikuwa na ubaguzi wa visiwa. Mwaka 1930 Waingereza walipozuru, West Indies ilicheza mechi nne za Testi ikiongozwa na manahodha wanne tofauti: wa Barbados kule Barbados, wa Trinidad kule Trinidad, wa Guyana kule Guyana, na wa Jamaika kule Jamaika. Kila mahali wenyeji walitaka kuwaona watoto wao uwanjani, na orodha ilibadilishwa ipasavyo. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa hata mabaharia walikuwa wakishushwa na kupakiwa upya katika kila bandari.

Huo ndio ulimwengu alioingia Worrell. Alianza kucheza Testi mwaka 1948 mjini Port of Spain dhidi ya Uingereza, akapata mikimbio 97. Muda si muda akajifunza jinsi orodha inavyoweza kutumiwa kama fimbo. Timu ilipokuwa ikijiandaa kwenda India mwishoni mwa mwaka huo, Worrell aliomba alipwe ujira aliouona wa haki. Wakuu wa kriketi hawakupendezwa, na timu ikasafiri bila yeye. Alikwenda Uingereza kuitumikia klabu ya Radcliffe katika ligi ya Lancashire, ambako mchezaji alilipwa kwa kazi yake bila kuonekana mtovu wa adabu.

Mwaka 1950 aliitwa tena. West Indies, chini ya unahodha wa Goddard, ilishinda kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Lord's, London, kisha ikautwaa mfululizo wote kwa mechi tatu kwa moja. Worrell alipata mikimbio 261 kule Trent Bridge, na kwa jumla mikimbio 539 katika mechi nne. Msimu uliofuata alizuru India na timu ya Jumuiya ya Madola, iliyojaa wachezaji wa Uingereza na Australia. Nahodha wao, Les Ames, alipokosa kucheza kwa maumivu, Worrell ndiye aliyeshika usukani. Basi ikawa kioja cha kutafakariwa: Mwingereza aliweza kuongozwa na Worrell, ilhali West Indies yenyewe haikuwa tayari.

Miaka ikapita. Walikuja manahodha wengine: Jeffrey Stollmeyer, Denis Atkinson, kisha Goddard tena mwaka 1957, halafu Gerry Alexander mwaka 1958. Insafu yanitaka niseme kwamba wanaume hawa hawakuwa mbumbumbu. Atkinson aliwahi kupata mikimbio 219 dhidi ya Australia. Lakini Alexander alikabidhiwa timu akiwa amecheza mechi mbili tu za Testi. Worrell mwenyewe alikuwa masomoni wakati huo katika Chuo Kikuu cha Manchester, akisomea uchumi.

Katika ziara ya India ya 1958 na 1959, Alexander alionyesha jinsi neno la nahodha linavyoweza kukata. Roy Gilchrist, mrushaji wa kasi ya kutisha, alikuwa akielekeza mpira kichwani mwa wapinzani bila kuugusisha chini. Nahodha alimkanya. Alipozidi kukaidi, Alexander alimfungisha virago arudi nyumbani. Gilchrist hakucheza Testi tena maishani. Wapo waliosema nahodha aliilinda heshima ya mchezo. Wapo waliosema kwamba mtoto wa maskini alihukumiwa na bwana aliyesomea Cambridge, ambaye hakujua namna ya kusema naye. Mjadala huo ulichukua miaka, nami nadhani kila upande ulikuwa na chembe ya kweli.

Worrell aliporejea mnamo 1960, akapata mikimbio 197 bila kutolewa mjini Bridgetown, watu walianza kuuliza kwa sauti. Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad aliyekuwa mhariri wa gazeti la The Nation. James alishikilia kwamba ni aibu Alexander kumwongoza Worrell, na kwamba watu wanaokaribia kujitawala hawawezi kuendelea kuambiwa kuwa hawana mtu wa kuongoza wachezaji kumi na mmoja. Aliandika wiki baada ya wiki. Mwishowe wakuu wakasalimu amri, na Worrell akateuliwa kuiongoza timu kwenda Australia. Alikuwa na umri wa miaka 36 na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa West Indies kwa mfululizo mzima.

Mtu aliyeonewa kwa miaka mingi anapopewa kalamu ya kuandika orodha, aghalabu huandika kisasi. Watu wa kisiwa chake hungoja zamu yao. Waliompinga hufutwa. Ndiyo desturi tuliyoizoea katika ofisi nyingi, na si za kriketi pekee.

Worrell alifanyaje? Kwanza, Alexander, mtu yule yule aliyekuwa amekalia kiti chake, alibaki kuwa naibu wake na mlinda wiketi. Huyo Alexander aliwashangaza wote kwa kupata mikimbio 484 katika mechi tano. Wastani wake wa zaidi ya 60 uliwapita hata akina Garfield Sobers na Rohan Kanhai. Mtu aliyeelemewa na mzigo wa unahodha alifunguka alipoutua. Worrell angemweka kando kwa kinyongo, West Indies ingempoteza mpigaji wake wa kutegemewa bila hata kujua.

Pili, alikuwa tayari kumpumzisha rafiki wa tangu zamani. Sonny Ramadhin alikuwa shujaa wa 1950. Ndiye aliyeangusha wiketi 11 katika ule ushindi wa kwanza pale Lord's, na Worrell alikuwa naye siku hiyo. Lakini baada ya mechi mbili za Australia ilidhihirika kwamba makali yake yamepungua. Kuanzia mechi ya tatu, mjini Sydney, nafasi yake ilikwenda kwa kijana mwembamba wa Guyana aliyeitwa Lance Gibbs. Gibbs aliangusha wiketi tatu kwa mipira minne katika mechi hiyo. Katika mechi iliyofuata, mjini Adelaide, aliangusha tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kumwambia rafiki kwamba wakati wake umepita ni kazi ngumu kuliko kumfukuza adui, nayo ndiyo kipimo halisi cha mteuzi.

Tatu, alipigana na ugonjwa wa visiwa. Timu aliyoingia nayo uwanjani mjini Brisbane mnamo Desemba 1960 ilikuwa na Wabarbados, Wajamaika, Waguyana na Mtrinidad, wenye asili ya Afrika, ya India na ya Ulaya. Aliwataka wajione kuwa wa nyumba moja. Yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa Barbados na kuhamia Jamaika mwaka 1947, hivyo haikuwa rahisi kwa kisiwa chochote kumdai kuwa ni wakili wake.

Mechi hiyo ya Brisbane imesimuliwa na wengi, nami nitaipitia kwa ufupi. Australia ilihitaji mikimbio 233 ili ishinde. Ova ya mwisho, iliyokuwa ya mipira minane kwa kanuni za nchi ile wakati huo, ilianza Australia ikiwa imebakiza mikimbio sita na wiketi tatu. Wes Hall alirusha. Watu walikuwa wakipiga mayowe, wachezaji wakigongana, mpira ukiponyoka mikononi. Worrell hakupaza sauti. Alimwendea mrushaji wake, akamtuliza, akarudi mahali pake. Kwenye mpira wa saba Joe Solomon aliokota na kurusha kutoka pembeni, akiuona mti mmoja tu wa kulenga, akaugonga. Hesabu zikawa sawa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Testi mechi kumalizika kwa sare kamili ya mikimbio.

West Indies ilishindwa katika mfululizo ule, mechi mbili kwa moja. Hata hivyo, walipoagana na mji wa Melbourne, maelfu kwa maelfu ya watu walijipanga barabarani kuwapungia mikono wakipita katika magari ya wazi. Kombe linaloshindaniwa na nchi hizo mbili lilipewa jina la Frank Worrell. Mtu aliyekataliwa unahodha kwao kwa zaidi ya miaka kumi alipewa heshima hiyo ugenini baada ya ziara moja.

Mwaka 1962 timu yake iliishinda India mechi tano kwa sifuri. Katika ziara hiyo, nahodha wa India, Nari Contractor, aligongwa kichwani na mpira uliorushwa na Charlie Griffith katika mechi ya Barbados, akawa mahututi. Worrell alikuwa miongoni mwa waliojitolea damu ili aokolewe. Mwaka huo huo Shirikisho la visiwa vya Karibi, lililoanzishwa 1958, lilivunjika. Wanasiasa walishindwa kukaa meza moja. Timu ya Worrell haikuvunjika. Mwaka 1963 ilikwenda Uingereza ikiwa haina tena shirikisho nyuma yake, ikashinda mechi tatu kwa moja. Worrell wakati huo alikuwa amejishusha katika orodha ya wapigaji ili vijana watangulie. Baada ya ziara hiyo alistaafu, akiwa ameiongoza West Indies katika mechi 15 na kushinda tisa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililozua maneno. Nani amrithi? Conrad Hunte alikuwa naibu wake, mtu mtulivu, mcha Mungu, mwenye nidhamu isiyo na dosari. Kwa utaratibu wa kawaida kiti kilikuwa chake. Lakini Worrell alimpendekeza Garfield Sobers, aliyekuwa fundi wa kila idara ya mchezo na kipenzi cha wachezaji wenziwe, ingawa hakuwa na sifa ya mtawala. Neno la Worrell likashinda. Hunte aliumia moyo, na haki ya kuumia alikuwa nayo. Kisha akaumeza uchungu wake na kumtumikia Sobers kwa uaminifu.

Je, Worrell alikosea? Sobers, huku Worrell akiwa meneja, aliishinda Australia mwaka 1965, na Kombe la Frank Worrell likaja Karibi kwa mara ya kwanza. Aliishinda Uingereza 1966, kisha India. Lakini mwaka 1968 alifunga kipindi cha kupiga mapema mno mjini Port of Spain, akiwaachia Waingereza mlango wazi, na mfululizo ukapotea. Msimu uliofuata timu ilishindwa tena nchini Australia. Wenye kumtetea Hunte wanasema kwamba mtu makini asingefanya kamari ile. Wenye kumtetea Worrell wanasema kwamba wachezaji wasingemfuata Hunte kwa moyo waliomfuatia Sobers. Mimi naona kwamba hata upendeleo uliosimama juu ya msingi mwema hauna dhamana ya kutokosea. Tofauti yake na ule mbaya ni kwamba unaweza kuelezwa hadharani bila haya. Worrell aliweza kusema kwa nini Sobers. Waliomnyima yeye unahodha hawakuweza kamwe kuitaja sababu yao ya kweli.

Worrell alipewa cheo cha Sir mwaka 1964. Alikuwa amekwisha kuwa seneta nchini Jamaika na mlezi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha West Indies, kwa maana mwisho wa yote alijiona kuwa mwalimu. Tarehe 13 Machi 1967 saratani ya damu ilimwondoa mjini Kingston, akiwa na umri wa miaka 42. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika katika kanisa la Westminster Abbey, heshima ambayo hakuwahi kupewa mwanamichezo yeyote kabla yake. Kaburi lake liko Barbados, katika bewa la chuo kikuu hicho kule Cave Hill.

Sisi Wakenya hatuko mbali na habari hii. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, timu yetu chini ya nahodha Maurice Odumbe iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia, ikiitoa kwa mikimbio 93 baada ya kupata 166. Siku ile Wakenya wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Asia walirukiana shingoni uwanjani, na hakuna aliyeuliza nani ni wa ukoo gani. Tuliulizana hayo tuliporudi kwenye kazi nyingine za taifa, ambako orodha huandikwa kwa kufuata jina la mwisho la mtu.

Ndiposa nawageukia walimu. Orodha ya timu ya shule ni karatasi ndogo, lakini ndiyo cheti cha kwanza cha uraia ambacho mtoto huona jina lake likiandikwa au likiachwa. Mwache nahodha atoe maoni yake, kwani ndiye atakayeishi nayo uwanjani. Lakini kabla ya kubandika, mketishe na umtake aeleze kila jina: kwa nini huyu, na kwa nini si yule. Jina atakaloshindwa kulieleza mbele ya mchezaji aliyeachwa, lirudisheni mkalifikirie upya.